Tanga Niliyokuwa Siionyeshi

Baba yangu alifanya kazi bandarini Tanga miaka 29, na katika miaka hiyo yote hakuona meli kubwa ikifunga kamba gatini. Maji ya pale ukutani yalikuwa na kina cha mita 3 hivi, kwa hiyo meli ilitia nanga huko nje, zaidi ya kilomita moja na nusu, ikasubiri matishari, yale majahazi bapa ya kubebea mzigo. Mzigo uliteremshwa kwa winchi hadi ndani ya tishari, tishari likakokotwa na tagi mpaka gatini, na pale mzigo ukanyanyuliwa mara ya pili. Marobota ya katani yaliyokwenda Ulaya yalifuata njia hiyo hiyo kinyumenyume. Baba alikuwa mle ndani ya tishari, kazi yake kuipokea silingi, yaani mzigo uliofungwa kwa kamba, inaposhuka ikiyumba, kuielekeza kwa mikono na kuifungua. Akirudi nyumbani, Barabara ya 12 Ngamiani, mama alimwambia avue shati uani kwanza, maana singa za mkonge zilikuwa zimemganda shingoni na kwenye nywele, na zikiingia kitandani hakuna atakayelala.

Naanza na yeye kwa sababu nilipoanza kazi ya kuwatembeza wageni, mwaka 2014, sikumtaja hata mara moja.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam, mkataba wangu umekwisha, mama anaumwa. Jirani yetu aliyekuwa na nyumba ya wageni upande wa Raskazone akaniomba niwazungushe mjini Wajerumani wawili, mtu na mkewe, kwa baiskeli. Tanga inafaa baiskeli kuliko mji wowote ninaoujua. Ni tambarare, barabara zina vivuli, na za Ngamiani zimenyooka zikapewa namba, kuanzia Barabara ya 1 hadi ya 21, kiasi kwamba hata mgeni wa jana hapotei. Wale wageni walifurahi, wakawaambia wenzao, na mimi nikawa na kazi.

Njia yangu ilikuwa hii: stesheni ya reli, mnara wa saa, boma la Mjerumani, hospitali ya zamani ya Bombo, makaburi ya vita, kisha Raskazone kuogelea. Habari nilizokuwa nazo zilikuwa za kweli. Nilieleza kuwa Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara hapa mwaka 1893, na kwamba iliwachukua hadi karibu na mwaka 1912 kuifikisha Moshi. Nilieleza jinsi Waingereza walivyokuja na meli mwezi Novemba 1914 wakiwa na askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliokuwa wametoka kwenye safari ndefu ya bahari, wakashuka Raskazone usiku kwenye mikoko, na jinsi Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyekuja kuwa jenerali, akiwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, alivyowarudisha majini. Nilikuwa hodari sana nikifika kwenye nyuki. Risasi zilipasua mizinga iliyotundikwa mitini, makundi ya nyuki yakatoka yakiwa na hasira, watu wakakimbia huku na huko. Wageni walipenda hapo. Mimi nikapapenda kwa sababu wao walipapenda.

Kwa miaka miwili hivi nilidhani nayajua mambo ya mji wetu.

Kisha akaja mzee mmoja kutoka Kasulu, Kigoma. Alikuja na mjukuu wake aliyekuwa anasoma chuo, wakafikia kwa yule jirani. Nikamwamkia, nikampandisha bajaji kwa sababu ya umri wake, nikampitisha njia ile ile. Alikuwa msikivu. Stesheni alitazama, mnara wa saa alitazama, makaburini alivua kofia. Tulipomaliza, tumeketi kwenye benchi bustani ya Jamhuri tukitazama bandari, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti akatoa bahasha ya nailoni, na ndani yake kadi iliyokunjwa ikawa laini kama kitambaa. Miraba thelathini. Kumi na tisa imetiwa alama ya wino, kumi na moja mitupu.

Akasema, "Kijana, hiki ni kipande cha baba yangu. Alikuja huku kukata mkonge mimi nikiwa sijaanza kutembea. Hakurudi. Kadi ililetwa na mwenzake. Nimekuja nione alipokuwa anaishi."

Sikuwa na la kumjibu. Nilijua jina la jenerali na sikujua kambi moja ya manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, ilipo.

Nikamwomba anipe hadi kesho yake. Usiku ule nikaenda kwa baba nikamweleza. Baba hakunilaumu. Aliuliza jina la shamba lililoandikwa kwenye kadi, nilipomtajia akasema ni lile la njia ya Muheza, ukishapita Pongwe, na kwamba babu yangu mwenyewe, babake yeye, alikata mkonge huko alipofika mara ya kwanza kutoka Songea. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Nilijua kuwa sisi kwa babu ni Wangoni na kwa bibi ni Wabondei, lakini sikuwahi kuuliza Mngoni alifuata nini Tanga.

Alikuja kama walivyokuja maelfu. Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoijaza nchi yote kati ya pwani na milima ya Usambara, na mashamba hayo yakataka watu. Wenyeji wa hapa, Wadigo na Wabondei na Wasambaa, walikuwa na minazi yao na mihogo yao, hawakuwa na shida ya kwenda kuchomwa na miiba kwa mshahara ule. Basi wakaletwa watu wa mbali: Waha kutoka Kigoma, Wangoni na Wabena, Wamakonde waliovuka Ruvuma, Warundi. Walipewa namba ndipo wakaitwa manamba. Ofisi ya kuwaandikisha ya chama cha wenye mashamba watu waliiita Silabu. Na kipande kilifanya kazi hivi: kila siku ukimaliza mzigo uliopangiwa, mraba mmoja unatiwa alama, mshahara unatoka miraba thelathini ikijaa. Ukiugua, siku haihesabiki. Ukishindwa kumaliza idadi ya matita, siku haihesabiki. Ndiyo maana mtu aliweza kukaa wiki sita au zaidi akitafuta mshahara wa mwezi mmoja.

Asubuhi tukaondoka sisi wanne, baba naye akiwemo. Tulipofika shambani tulimpata mama mmoja wa Kimakonde, bibi kizee wa hapo hapo, na baba akazungumza naye kwa muda mrefu kabla ya kutaja kilichotuleta. Nilikuwa nataka kuharakisha. Baba akanitazama nikanyamaza. Bibi akatuongoza hadi zilipokuwa laini za kambi, yaani safu za vyumba vya vibarua. Zimebaki sakafu za saruji, vyumba vidogo vimegusana, kila kimoja kama hatua nne kwa nne, na mwembe katikati. Kaburi hakuna aliyelijua. Bibi alisema tu kuwa watu wa kambi walizikwa upande ule wa bonde, na upande ule sasa ni mkonge.

Mzee alisimama kwenye kimojawapo cha vile vyumba muda mrefu. Baadaye tulikwenda mpaka kwenye korona, mashine inayosaga majani ya mkonge na kuacha nyuzi, na tukaikuta ikifanya kazi. Ukiikaribia, harufu ya chachu ya maji ya mkonge inakupokea kabla hujaiona. Nyuzi zinatoka za kijani hafifu, zinaoshwa, zinatundikwa kwenye waya juani, na kufikia jioni zimekuwa nyeupe kama ndevu za mzee. Yule mzee akamwomba mfanyakazi mmoja kiganja cha singa. Akazisokota pajani, taratibu, akapata kamba nyembamba ya shibiri mbili. Akaifungia ile bahasha ya kadi.

Njiani kurudi alikuwa akizungumza na baba kuhusu matishari. Walikuta kwamba huenda marobota aliyoyakatia mkonge babake mmoja yalipitia bandari ile ile aliyokuja kuifanyia kazi mwingine. Mimi nilikuwa mbele na dereva, nikisikiliza.

Tangu siku hiyo nikaivunja njia yangu nikaipanga upya. Sasa ninaanzia na mkonge. Mgeni akishashika singa mkononi, reli anaielewa bila maelezo mengi, na bandari pia, na hata ile misumari mikubwa ya mataruma anainama mwenyewe kuitazama. Nikimwambia kuwa mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takribani tani 230,000 za katani, namba hiyo inakuwa na uzito, kwa sababu ameona jani moja linatoa nyuzi kiasi gani. Nikimwambia kuwa baadaye kamba za plastiki ziliishusha bei, na mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na mengine yakarudi kuwa pori, anaelewa kwa nini majumba mazuri ya mjini yalikaa miaka mingi bila rangi.

Vita sikuviacha. Makaburini bado ninakwenda. Lakini pale nasimama nikiwaambia kuwa jeshi la wakati ule lilitembea kwa mabega ya wapagazi, na kwamba katika miaka minne ya vita waliokufa kwa maradhi na uchovu wakibeba mizigo ni makumi ya maelfu, na walio wengi hawana jiwe lenye jina. Wageni wa Dar es Salaam wakisikia kuwa Kariakoo yao imetokana na jina la kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, hunyamaza. Nyuki nao nawataja, kwa sentensi mbili.

Kuna mambo mengine niliyojifunza kwa kukosea, na nayaandika kwa ajili ya kijana yeyote anayetaka kuifanya kazi hii.

Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, njia ya Mombasa. Ni mawe ya chokaa ya enzi za Jurasiki, wakati wa dinosauri, yaliyoliwa na maji. Nilikuwa nikiwaambia watu kwa uhakika kabisa kwamba pango moja linatokea Kenya, na jingine linakwenda hadi Kilimanjaro, kwa sababu ndivyo nilivyosikia tangu utoto. Siku moja nikawa na mgeni mjiolojia. Alinisubiri hadi tukawa peke yetu, akanieleza kwa upole kuwa mapango yale yalipimwa na Wajerumani na Waturuki mwaka 1994, wakakuta ni kumi yaliyo mbalimbali, na refu kuliko yote ni mita 900. Niliona aibu kwa wote niliokwisha kuwaambia. Sasa nasema yote mawili: hiki kimepimwa, hiki kinasimuliwa. Masimulizi yana heshima yake. Kuna pango la mzimu ambalo watu bado wanakwenda kuweka nadhiri, utakuta chupa za marashi, vitambaa na sarafu, na mwenye nadhiri yake hapigwi picha. Kuna habari za Osale Otango, aliyejificha mle miaka ya 1950 akitafutwa na serikali ya Waingereza. Kwa wengine alikuwa jambazi, kwa wengine mpiganaji aliyewanyang'anya matajiri. Wazee wa hapa bado wanabishana juu yake, na mimi nawaachia wabishane mbele ya wageni.

Na usiingie pangoni na tochi moja. Yangu ilizimika nikiwa na familia yenye watoto wawili, mahali ambapo njia inabana na mtu mzima anapita ubavu. Giza la mle si la usiku, huoni hata mkono ulioupeleka machoni. Popo waliamka, mtoto mdogo akaanza kulia, na mimi nilikuwa nasikia moyo wangu. Tulikaa chini, tukashikana, nikaimba, hadi kundi la nyuma yetu lilipotufikia na taa. Ilikuwa dakika kumi labda. Tangu hapo nabeba tochi tatu na betri za akiba.

Tongoni uiendee asubuhi au alasiri jua likiwa limelala, maana maandishi na nakshi za makaburi huonekana kwa kivuli. Ni kama kilomita 20 kusini mwa mji, njia ya Pangani, kijiji cha wavuvi chenye magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya ishirini yenye nguzo. Zamani mahali hapo paliitwa Mtang'ata. Vasco da Gama alipapita, na ni kwenye mafungu ya karibu na hapo ndipo mojawapo ya meli zake ilipopanda mwaka 1498. Mwaka uliofuata, akirudi kutoka India na mabaharia wamempungua, aliichoma moto meli hiyo hiyo. Hayo ni ya watu wa picha. Mimi hupenda kumpeleka mgeni hadi kwenye nguzo moja, nimwekee kidole chake kwenye tundu la duara lililochongwa kwenye chokaa. Humo palikuwa na bakuli la kauri la China. Mtu wa hapa, karne tano au sita zilizopita, alikuwa na uwezo wa kununua bakuli lililovuka bahari, na akaona mahali pake panapofaa ni kwenye kaburi la mzee wake. Mabakuli yamebanduliwa. Tundu bado ni laini, limesawazishwa na kidole cha fundi.

Ukiwa njia hiyo ya Pangani, Machui haiko mbali, na kitongoji chake cha Vibambani ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na ndiko alikozikwa. Huwa nawakumbusha wageni wanaomjua kwa ushairi tu kwamba kwa miaka mingi, kuanzia 1926, alikuwa karani wa forodha. Aliandika risiti za shehena za pwani hii hii. Kwa mtoto wa mfanyakazi wa matishari, habari hiyo ni kubwa.

Na Kigombe, mbele kidogo, ukiwa na bahati na subira, mketi wavuvi wakuhadithie jinsi jarife walizotega kwenye maji marefu zilivyoanza kuleta silikanti, miaka ya mwanzo ya 2000. Ni samaki mkubwa, mzito, wa rangi ya buluu iliyoiva yenye mabaka meupe, mapezi yake yana nyama kama viguu. Wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosauri, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Sasa kuna hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mvuvi mmoja aliniambia alichokumbuka zaidi ni macho: yaling'aa kijani kwenye mwanga wa karabai, na nyama yake haikufaa mchuzi.

Watu husema juu ya mji wetu, waja leo waondoka leo. Wengi hufanya hivyo kweli, wanalala usiku mmoja wakielekea Pangani au Mombasa. Nikipata mgeni wa aina hiyo simbebeshi historia yote. Nampeleka Ngamiani jioni, anakula vitumbua na pweza wa mchuzi, anakunywa kahawa na kashata barazani na wazee waliocheza dansi la Atomic Jazz na kulisikiliza taarabu la Black Star hapa hapa, na kama ana sikio atajua karudi na kitu. Mgeni wa siku tatu ndiye ninayempa mkonge.

Bandari imebadilika. Imechimbwa, kutoka zile mita 3 hadi mita 13, na gati limejengwa upya, mita 450 kwa jumla. Kazi ilipokamilika na meli kubwa zikaanza kuja hadi ukutani, baba aliniomba nimpeleke akaone. Miguu yake haimsaidii sana sasa. Nilimpeleka bustani ya Jamhuri, benchi lile lile, saa kumi jioni. Meli ilikuwa imefungwa gatini, nyekundu kwa chini, na winchi zinateremsha mzigo moja kwa moja kwenye malori.

Alitazama bila kusema kwa muda. Akanyoosha mkono akanionyesha pale nje, kwenye maji matupu, meli zilipokuwa zikitia nanga zamani. Akaanza kunitajia watu wa gengi lake, mmoja mmoja, kwa jina na kabila na alikokaa, nani alikuwa kwenye winchi, nani chini hachini, kwenye tumbo la meli, nani aliyepigwa na silingi mwaka 1981 akafia njiani kabla tishari halijafika. Nilikuwa na kalamu na lile daftari langu la wageni. Nikaandika majina kumi na saba.